Begi la kamba ya makumbi: Wete hadi Nizwa katikati ya Julai

Tumerudi Wete, Pemba, wiki ya tatu sasa, na kila ninayekutana naye ananiuliza jambo moja: Maskati mwezi wa Julai, na joto lile, mlivaa nini? Basi nimekaa na kidaftari changu cha safari na picha za kwenye simu, nikazipanga siku hadi siku. Anayejitayarisha kwenda nchi ya jangwa yenye stara zake, huenda akapata humu la kumfaa.

Tulikuwa wawili, mimi na shangazi yangu wa miaka 67, mwenye presha na magoti yanayomsumbua. Mwanawe wa pili ameolewa Maskati, na ukweni kwake ni Nizwa, mji wa bara huko Oman, kilomita kama 160 kutoka pwani, chini ya milima ya Jabal Akhdar. Tiketi na viza alitukatia yeye. Mengine yote yalikuwa juu yetu.

Siku nane kabla, Wete

Orodha ya kwanza ya mizigo haikutuhusu sisi. Ilikuja kwa ujumbe wa sauti kutoka Maskati: ubuyu, achari ya embe, pilipili mbuzi, ng'onda (samaki wakavu) wawili, kofia ya viua kwa baba mkwe, na halua ya Wete. Nilishangaa halua, maana Oman ndiko ilikotokea. Shangazi akanikata kauli: "Ya Wete ni ya Wete. Tia." Mwenyewe akaongeza karafuu, pishi mbili za shamba lake.

Kwenye karafuu jirani yetu alituzuia mapema, na namshukuru. Karafuu ya mkulima inauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuitoa nje kwa njia zako kunahesabiwa magendo. Hakuna atakayekaa bandarini kukusikiliza ukieleza kuwa ni zawadi. Tukanunua dukani pakiti ndogo zilizofungwa, risiti tukaiweka pamoja na pasi za kusafiria.

Nguo nilizipanga mwenyewe, na hapo ndipo nilipokosea. Nilijiambia: sisi tumezaliwa na joto, na baibui navaa tangu mdogo, nifundishwe nini? Nikatoa mabaibui mawili ya Sikukuu, yale ya kitambaa kinachoteleza kisichotaka pasi, mitandio mitatu ya shifoni na viatu vipya vya mpira. Nikavitandaza kitandani, nikapiga picha, nikampelekea dada yetu wa Maskati, huyo mwana wa shangazi. Jibu lilikuja usiku.

"Hayo yaache, mtachemka. Joto la huku si la mnazini. Ukifungua mlango ni kama umeinamia tanuri la mkate, na jua likizama halipungui."

Akanieleza kuwa mwezi wa Juni 2018 mji wa Qurayyat, pwani ya kusini ya Maskati, ulipitisha usiku mzima joto halijashuka chini ya nyuzi 42.6. Sisi kaskazi ikikaza tunalalamika kwa nyuzi 33. Na Julai kwetu ni wakati wa kusi, watu wanalala na shuka. Maana yake mwili unatolewa kwenye baridi na kutiwa kwenye moto kwa siku moja, haupati hata nafasi ya kuzoea.

Jumamosi, Wete: mizani

Tiketi iliruhusu kilo 30 kila mtu kwa mzigo mkubwa na kilo 7 za mkononi. Nyumbani hatuna mizani, lakini mtaa wa pili yupo mzee mwenye mizani ya ndoano anayopimia karafuu. Akalitundika begi letu, akarudi nyuma hatua moja kuangalia, mshale ukasimama kwenye 34. Kishikio cha mizani ile kimekuwa cheusi kwa mafuta ya karafuu, na harufu yake ikashika kwenye begi.

"Nguo haina uzito," akatwambia tulipoanza kupunguza madera. "Uzito ni viatu na chupa." Na kweli. Viatu jozi tatu vikatoka, achari ikahamishwa kutoka chupa za kioo kwenda makopo ya plastiki, tukarudi kwenye 29. Hakutaka malipo, alituomba tumletee ubani.

Ng'onda, kwa wanaoogopa harufu: tuliwafunga kwa magazeti, tukawazungushia kanga kuukuu, tukawatia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza. Hakuna aliyegeuza pua njia nzima. Dawa za presha za shangazi zilikaa mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake na cheti cha daktari, na tulizidisha za siku kumi. Usizitoe vidonge kwenye boksi kwa kutaka nafasi. Nchi za Ghuba ni kali kwa dawa za maumivu makali kama tramadol, na mkaguzi anataka kuona jina la dawa na jina la mgonjwa. Mirungi usithubutu.

Jumapili, Wete hadi Mkoani hadi Unguja

Gari ya kukodi shilingi 45,000, maana mabegi mawili makubwa yasingeingia daladala. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Baada ya Chake jua lilikuwa limeshatoka, na pembeni ya barabara watu walikuwa wanaanika karafuu za mwanzo kwenye majamvi, bado zina ukijani. Shangazi alifungua kioo kila tulipopita kijiji.

Mkoani, hatua chache kutoka lango la bandari, zipu ya begi kubwa ikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Ubuyu, kanzu ya kitoto, kopo la achari, vyote chini, na boti imeshapiga honi. Hamali wetu akataka kulizungushia solotepu. Akatokea mzee aliyekuwa amekaa ukutani na gombo la kamba ya makumbi, kamba ya kufungia ngalawa yake. Hakusema neno. Alipiga goti juu ya begi, akapitisha kamba mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, kila inapokutana akaizungusha, akamalizia kwa fundo ambalo ukilivuta ndio linakaza. Nilitazama vidole vyake: kamba ile ni kavu inakwaruza, lakini kwake ilikuwa inakwenda kama uzi. Ilikuwa na ile harufu ya makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kwa miezi kabla ya kina mama kuyafukua na kuyapiga, harufu ya tope na chumvi.

Nikampa 5,000, akanirudishia. "Mkifika huko fundo lifunguliwe kwa mkono. Msikate. Kamba haikatwi." Hayo tu, na akatuombea dua.

Kusi lilikuwa limechafua bahari. Mama mmoja wa Mtambile aliyekaa mbele yetu alikata ndimu yake vipande viwili, kimoja akampa shangazi anuse, kimoja akanipa mimi. Wa boti ya Julai, beba ndimu na tangawizi, na ukae nyuma chini, juu kunatupa zaidi. Baada ya mwendo wa karibu saa tatu tukawa bandari ya Malindi, Unguja.

Jumatatu, Mjini: kiberiti cha Mchangani

Tulifikia Kikwajuni kwa mtoto wa ami. Siku hii ndiyo iliyotuokoa, nami namsihi kila anayetoka Pemba aache siku nzima Mjini kabla ya ndege.

Asubuhi tulipita Darajani, ndani ya lile soko la mwaka 1904, tukanunua pilipili ambazo tulizisahau, kisha tukaingia Mchangani. Muuza vitambaa wa makamo alitusikiliza tunakwenda wapi na lini, akarudisha rafuni vitambaa nilivyovichagua. Akachomoa nyuzi mbili, moja kwenye kitambaa nilichokipenda na moja kwenye jora jeupe lililokuwa nyuma yake. Akawasha kiberiti.

Uzi wa kwanza ulijikunja, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, mwishoni pakabaki kidonge kigumu kama kichwa cha pini. Uzi wa pili uliungua kwa harufu ya karatasi, ukaacha jivu laini lililopotea nilipolisugua. "Hii ya kwanza ni plastiki," akasema. "Utaivaa plastiki kwenye nyuzi 45? Jasho litokee wapi?" Akaniambia nifanye hivyo hata kwa kanga, kwa sababu siku hizi zipo za mchanganyiko zinazong'aa dukani na kubana mwilini.

Nikawaza mabaibui yangu ya Sikukuu, yale mawili, bado yako ndani ya begi. Miaka yote nimekuwa nikisema baibui lina joto. Baibui halina kosa. Kitambaa ndicho chenye kosa, na mshono. Nguo pana inaacha hewa ipite baina yake na mwili, na inakinga jua lisipige ngozi. Ndio maana watu wa jangwani wenyewe hawatembei mikono wazi.

Tulinunua mita kumi za pamba nyepesi, nyeusi sita na buluu ya kuiva nne, mita moja 6,500. Kanga za pamba doti tatu, 54,000. Shimizi za pamba za kuvaa ndani, nne. Fundi cherehani wa jirani yake aliposikia ndege ni kesho alisema haiwezekani, kisha akamuangalia shangazi anavyojishika magoti, akasema rudini baada ya Isha. Tulimkuta peke yake mtaani, taa moja inawaka, anapiga pasi baibui la pili. Mapana, mikono mipana, shingo haikabi. Alitutoza 15,000 kila moja, bei ya siku zote. Mabaibui ya Sikukuu nikayaacha Kikwajuni.

Viatu: makubadhi ya ngozi, 25,000, na soksi nyeupe za pamba jozi tatu kwa kila mtu. Za nini soksi, nitaeleza.

Jumanne, angani

Ndege ya moja kwa moja, saa tano na nusu, saa za huko ziko mbele kwa saa moja. Uwanja wa ndege wa Zanzibar mkaguzi aliipapasa kamba ya begi, akauliza mmetoka Mkoani? Akatupitisha.

Tulitua Maskati saa nne ya usiku. Mlango ulipofunguka miwani yangu ikaingia ukungu mara moja, sikuona mbele. Joto la Maskati lina unyevu wa bahari, linakulalia begani kama nguo ya kufua iliyokamuliwa nusu. Dada yetu alitutambua kwa mbali. Alisema aliliona begi kabla ya kutuona sisi.

Jumatano na Alhamisi, Maskati

Adhana ya alfajiri ni saa kumi na kidogo, na mji unaishi kwa kivuli. Mchana baina ya saa saba na saa kumi maduka ya suku (soko) ya Matrah yanafungwa, na kwa miezi ya Juni hadi Agosti ni marufuku kufanyisha watu kazi juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu. Mgeni naye ajiwekee marufuku hiyo. Toka baada ya alfajiri, rudi saa nne, lala, toka tena Alasiri inaposogea.

Nguo mpya zilifanya kazi yake. Jasho lilitoka na likanywewa. Kilichonishinda ni baridi ya ndani. Kwenye mabasi na maduka makubwa viyoyozi vinapuliza kama friji, unaingia umelowa jasho, unatetemeka. Kanga niliyokuwa nimeikunja mkobani ndiyo niliyojifunika kila tulipopanda gari. Basi la mji lilitugharimu baisa 300 (rial moja ni baisa 1,000, na inakaribia shilingi 7,000, kwa hiyo hesabu kabla ya kusema ni rahisi). Chai ya maziwa baisa 150, na mandazi, yanaitwa hivyohivyo mandazi. Muuzaji alitusikia tukizungumza akajibu kwa Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja, akatuongezea matatu.

Alhamisi asubuhi tulikwenda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wa wanaume lina mita 70 kwa 60, kipande kimoja, walilisuka wanawake 600 kutoka Iran kwa miaka minne. Shangazi, ambaye amesuka ukili tangu utotoni, aliinama akalipapasa kwa kiganja na hakusema kitu kwa muda mrefu. Mlangoni binti mmoja mtalii alikuwa amezuiwa kwa sababu mikono ya blauzi yake ilikuwa mifupi. Amebakiwa na nusu saa, maana wasiokuwa Waislamu wanaingia saa mbili hadi saa tano tu, na Ijumaa hawaingii. Shangazi alitoa kanga mkobani, akamzungushia kichwani hadi viganjani kama anavyomvisha mjukuu, mlinzi akamruhusu. Tulimsubiri nje kivulini mpaka alipoirudisha.

Kwa wasiovaa baibui: mwanamke hahitaji kuvaa baibui mjini, lakini mabega na magoti yafunikwe, nguo isibane, na mtandio uwe mkobani. Mwanamme suruali ndefu au kanzu. Kaptura ziache za ufukweni.

Na soksi: misikitini unavua viatu, na mawe ya nje yaliyopigwa jua yanaunguza nyayo. Shangazi hakuamini. Alikanyaga kibaraza kimoja cha msikiti bila soksi, hatua mbili, na lengelenge lilikaa siku nne.

Ijumaa, Nizwa

Tuliondoka Maskati usiku wa manane kuwahi mnada wa mbuzi, barabara pana, milima mitupu pande zote kama mifupa. Tulifika kunapambazuka. Wanunuzi wamekaa duara, wauzaji wanazunguka na mbuzi kamba mkononi wakitaja bei kwa sauti, saa tatu kila kitu kimekwisha.

Hapa joto likabadilika. Mchana lilifika nyuzi 46, lakini kavu. Jasho hulioni kabisa, linakauka mara linapotoka, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu hujui unapoteza maji. Midomo yangu ilipasuka kufika Adhuhuri. Mafuta ya nazi tuliyobeba kwa ajili ya nywele yakawa ya midomo, pua na visigino. Tulikunywa maji lita nne kila mtu na kula tende mbivu za msimu, laini zinazovunjika mkononi.

Ngome tuliiona kwa nje, mnara wake mkubwa wa duara uliojengwa kwa miaka 12 zama za Imamu Sultan bin Saif. Wajukuu wakaeleza kuwa mwanawe ndiye aliyeiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Shangazi alikuwa anatafuta pa kukaa.

Alasiri wakatupeleka Falaji Daris, mfereji wa zamani uliomo kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Maji safi yanapita kwa nguvu chini ya mitende. Nilitaka kulowesha kanga pale karibu, mwanamke mmoja akanionesha kwa mkono niteremke zaidi: juu ni ya kunywa, chini yake ya kuoga, mwisho ya mashamba. Nikateremka. Nililowesha kanga, nikaikamua, nikamtanda shangazi kichwani na mabegani. Akafumba macho. Ilikuwa baridi kama imetoka mtungini, na dakika kumi na tano baadaye ilikuwa imekauka kabisa, nikailowesha tena. Maskati nilijaribu hivyohivyo na kanga ilibaki majimaji inakera, kwa sababu hewa ya kule imeshashiba maji. Bara, kanga ya pamba iliyolowa ndiyo kiyoyozi chako. Poliesta haishiki maji, usijisumbue.

Usiku, nyumbani kwa mkwe

Begi la zawadi tulikuwa nalo, halijafunguliwa tangu Mkoani. Maskati tulitumia lile jengine. Mkwe wa dada yetu ni mzee wa miaka themanini na kitu, aliondoka Pemba kijana. Kiswahili chake ni cha Wete tupu, cha zamani kuliko chetu. Mjukuu alikuja na kisu kukata kamba.

"Weka kisu," mzee akasema.

Aliomba begi lisogezwe karibu na mkeka wake. Akalipapasa fundo kwa kidole gumba, akalitafuta sikio lake, akalisukuma ndani badala ya kulivuta, na likalegea. Akaifungua kamba mzunguko kwa mzunguko, polepole, akiikunja kwenye kiwiko kama wanavyokunja mabaharia. Ubuyu ulimwagika, watoto wakavamia, kofia ya viua ikapita mkono kwa mkono, ng'onda wakapelekwa jikoni. Yeye alikuwa bado na gombo la kamba mapajani. Aliliinua akalinusa.

"Mmeileta na pwani yake," akamwambia shangazi.

Tulipoondoka Jumapili aliiomba. Begi limerudi Wete limefungwa kwa doti moja ya kanga, na ndani yake ubani wa mzee wa mizani.